Maswali ya Wasafiri: Mwalimu wa Nyeri anataka kwenda Longyearbyen

Mwezi huu barua nyingi zimekuja kuhusu nchi za baridi, na moja imenikamata kiasi kwamba nimeipa nafasi kubwa kuliko kawaida, nyingine zinafuata chini. Kwa msomaji mgeni: mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Tromsø kaskazini mwa Norway mwaka wa kumi na moja sasa, na Longyearbyen, mji wa visiwa vya Svalbard kaskazini zaidi ya hapa, nimefika mara tatu.

SWALI: Dada, habari za huko. Mimi ni mwalimu mstaafu, mama wa watoto wanne, niko Nyeri, miaka 63. Nilipokuwa msichana nilipanda miti na akina mama wa Green Belt, chama cha Mama Wangari Maathai, na yeye mwenyewe nilimsikiliza kwa masikio yangu. Baadaye nikasoma kwamba mwaka 2008 alienda mpaka karibu na ncha ya dunia akaweka sanduku la kwanza la mbegu ndani ya mlima wa barafu. Tangu siku hiyo natamani kuuona ule mlango. Watoto wamesema watanichangia nauli, lakini majirani wananiambia nitaganda, na kwamba viza hatupewi. Niambie ukweli, inawezekana? Niende mwezi gani? Na wataniruhusu kuingia ndani? – Mwalimu, Nyeri

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama jikoni mpaka chai ikapoa. Inawezekana, na umri wako sio tatizo hata kidogo, kwenye ile ndege ya Longyearbyen kila mara nimeona watu wazima kukuzidi wewe wamebeba mikongojo na wanashuka vizuri tu.

Nianze na lile litakalokuuma ili tulimalize. Ndani hautaingia. Ghala lile, linalotunza akiba ya mbegu za dunia, halipokei wageni, linafunguliwa mara chache tu kwa mwaka pale zinapoletwa mbegu mpya, na hata wenyeji wa mji wengi hawajawahi kuvuka ule mlango. Utakachokiona ni mlango wenyewe, na mimi nakwambia mlango unatosha. Ni kama ukuta mwembamba mrefu wa zege umechomoza kwenye ubavu wa mlima, mita 130 hivi juu ya bahari, na juu yake kuna kazi ya sanaa ya msanii wa Norway Dyveke Sanne, vioo na vipande vya chuma vimepangwa, wakati wa giza vinawaka kijani na buluu iliyopauka, ukiwa mbali unaona kama kuna mtu ameacha dirisha wazi mlimani. Nyuma ya mlango kuna njia ndefu inayoingia zaidi ya mita mia moja ndani ya mwamba, halafu vyumba vinavyopoozwa mpaka nyuzi 18 chini ya sifuri. Sasa hivi kuna sampuli zaidi ya milioni 1.3 za mbegu kutoka karibu kila upande wa dunia.

Na ndio, ulichosoma ni kweli, tarehe 26 Februari 2008 Mama Wangari na waziri mkuu wa Norway wa wakati ule, Jens Stoltenberg, ndio waliobeba lile sanduku la kwanza, lilikuwa na mbegu za mpunga kutoka nchi 104. Mara ya kwanza nimesimama pale nilikuwa na mwenzangu Mnorwei, nikamwambia huyu ni mama yetu, wa kwetu Afrika Mashariki, akanyamaza kidogo kisha akavua kofia, na ilikuwa nyuzi 17 chini ya sifuri. Kwahiyo usimsikilize mtu anayekuuliza utaenda kuona mlango tu.

Mambo ya karatasi sasa, na hapa naomba usome polepole kwasababu hapa ndipo safari za watu wetu zinapofia. Longyearbyen iko kwenye visiwa vya Svalbard, nyuzi 78 kaskazini ya ikweta, katikati ya Norway bara na ncha yenyewe. Visiwa ni vya Norway lakini viko NJE ya Schengen, yaani lile eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Svalbard yenyewe haidai viza yoyote, ila huwezi kufika bila kupita Oslo au Tromsø, na huko unahitaji viza ya Schengen. Halafu ukipanda ndege ya Svalbard umeshatoka Schengen, ukirudi unaingia upya. Hivyo viza yako lazima iwe ya kuingia mara mbili au zaidi. Kwenye stika ya viza angalia sehemu ya idadi ya kuingia, iwe imeandikwa 02 au MULT, ikiwa 01 usipande hiyo ndege.

Nalisema hili kwa uchungu. Binamu yangu alikuja kunitembelea, wakala mmoja wa safari huko nyumbani ndiye aliyemjazia fomu akamwombea kuingia mara moja, na sisi wote wawili hatukukagua. Tumefika pale kwenye ukaguzi wa pasipoti uwanja wa ndege wa Oslo, Gardermoen, askari akaweka kidole juu ya ile 01, akatuambia kwa upole kabisa kwamba ukipita hapa kurudi Oslo hautaweza, na ndege yako ya kurudi nyumbani iko Oslo. Binti wa watu alikaa kwenye kiti cha chuma na lile koti jipya mapajani, lebo bado inaning'inia. Tulirudi mjini tukatembea siku nne mvuani. Kwahiyo Mwalimu fomu jaza mwenyewe, una kalamu yako ya miaka yote.

Ubalozi wa Norway uko Nairobi, ila anzia kwenye tovuti ya idara yao ya uhamiaji, UDI, ndiyo inaeleza karatasi zote. Ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90. Unaweza kuomba mpaka miezi 6 kabla ya safari, na kawaida jibu ni siku 15 lakini zinaweza kuzidi, mimi ningeomba miezi mitatu kabla. Karatasi za pensheni yako ni dhahabu, zinaonyesha una kipato na una sababu ya kurudi. Weka hati ya shamba kama ipo, barua za watoto wanaokuchangia pamoja na taarifa zao za benki, oda ya hoteli, na barua yako mwenyewe fupi ya kwanini unaenda. Usiandike "utalii" peke yake, andika hicho hicho ulichoniandikia mimi. Bima ya viza lazima ifikie euro 30,000, lakini kabla hujalipa waulize kwa maandishi kama inafika Svalbard na kama inalipia kutafutwa na kuokolewa, maana hospitali ya kule ni ndogo, ukivunjika vibaya unapelekwa Tromsø kwa ndege na bili sio ya mchezo.

Mwezi gani? Watu wengi wanakimbilia Desemba wakitafuta ile mianga ya kaskazini inayocheza angani. Mimi kwako nasema hapana. Kule jua linapotea mwishoni mwa Oktoba halionekani tena mpaka katikati ya Februari, na kuanzia katikati ya Novemba mpaka mwisho wa Januari hata ule weupe wa adhuhuri haupo, saa sita mchana ni kama saa sita usiku. Mtu anayetoka Nyeri, amezoea jua linachomoza saa kumi na mbili na nusu kila siku ya Mungu, siku ya tatu kichwa kinaanza kukusumbua na hujui kama ulale au uamke. Majira ya joto nayo, kuanzia tarehe 20 Aprili mpaka 23 Agosti, jua halizami kabisa, usiku wa manane linapiga kitandani kwako, na theluji ya mjini ikishayeyuka panabaki tope na mawe, pazuri kwa wanaotaka meli na ndege wa baharini.

Wewe nenda wiki ya kwanza ya Machi ukae mpaka tarehe 9. Najua utatamani tarehe 26 Februari kwa ajili ya kumbukumbu, lakini sikiliza sababu. Jua linarudi angani katikati ya Februari ila mji umekaa kwenye bonde, milima inaliziba, na mwanga wake unafika mjini kwa mara ya kwanza karibu tarehe 8 Machi. Siku hiyo mji mzima unapanda kwenye ngazi za mbao za hospitali ya zamani, hospitali yenyewe ilishabomolewa zikabaki ngazi tu, watoto wa shule wamejipaka rangi ya njano usoni, wanaliita jua kwa sauti. Mimi nilikuwepo. Saa saba kasoro mchana mwanga ukagusa ukingo wa mlima, ukateremka taratibu kama mtu anavuta shuka, ukafika kwenye ngazi ya juu, na mzee mmoja mbele yangu akavua glavu akauweka mkono pale kwenye ule mstari wa mwanga, akauacha hapo. Miezi minne hajaona jua. Nililia na sioni aibu kusema.

Machi pia baridi ni kavu na theluji imekaza, kutembea ni rahisi kuliko kipindi ambacho inayeyuka na kuganda tena. Lakini ndio msimu wa wageni wengi, vyumba vinaisha, kwahiyo ukishapata viza lipia malazi siku hiyo hiyo, au weka oda inayofutika bure kabla hata ya viza. Malazi ndio yatakula pesa yako kuliko kitu kingine. Kuna sehemu inaitwa Nybyen, juu kabisa mwisho wa bonde, zile nyumba walizokuwa wanalala wachimba makaa ya mawe zimegeuzwa nyumba za wageni, vyumba vidogo, bafu la pamoja, bei nafuu kidogo kuliko hoteli za katikati. Ni kilomita mbili hivi kutoka madukani, muulize mwenye nyumba kama kuna usafiri, usitembee hiyo njia usiku kwenye barafu.

Ndege: kutoka Nairobi unaweza kupita Istanbul au Doha mpaka Oslo, halafu Oslo mpaka Longyearbyen ni mwendo wa saa tatu. Usiunganishe siku moja, lala Oslo, kwasababu begi likichelewa na wewe ukafika Svalbard bila nguo za baridi utakaa ndani tu. Ukishuka utaona basi nje linasubiri ndege na linashusha watu hotelini kwao mmoja mmoja, uwanja uko kilomita tano tu. Na ghala la mbegu liko juu ya uwanja huo huo, kwahiyo siku ya kufika au ya kuondoka unaweza kuliona kwa macho ukiwa chini. Kupanda mpaka mlangoni chukua teksi au ile ziara ya basi dogo ya muda wa saa mbili inayozunguka mji. Usipande kwa miguu peke yako.

Nimesema usipande peke yako kwasababu ya dubu weupe. Ukitoka mjini utakuta bango la pembetatu lenye picha ya dubu na maandishi ya Kinorwei maana yake "inahusu Svalbard yote". Sio la kupigia picha tu. Agosti 2020 mtu aliuawa kwenye kambi ya mahema karibu kabisa na uwanja wa ndege. Sheria inasema ukitoka nje ya makazi uwe na kifaa cha kumfukuza dubu, na wenyeji wanabeba bunduki, ndio maana dukani utaona tangazo la kukataza kuingia nazo. Wewe utakuwa na kiongozi wa ziara, yeye ndiye mwenye bunduki na bastola ya fataki. Na usimsumbue akupeleke umwone dubu karibu: tangu mwanzo wa 2025 sheria inadai mita 300, na kuanzia Machi mpaka mwisho wa Juni mita 500. Mimi mara zote tatu sijamwona dubu na sijadai.

Ila kwa mama wa miaka 63 adui mkubwa sio dubu, ni kuteleza. Nunua vile vyuma vya meno vinavyovalishwa chini ya kiatu, vinauzwa kule kule dukani, uvivae hata kama unavuka barabara tu. Ukiingia hotelini au makumbusho utavua viatu mlangoni, ni desturi tangu enzi za vumbi la makaa na imebaki mpaka leo, kwahiyo beba soksi nzuri au malapa ya ndani.

Kuhusu nguo, Mwalimu, usiende kununua vitu vya laki kwenye maduka ya Nairobi. Nenda Gikomba. Kwenye mabelo ya mitumba mna masweta ya sufu halisi, zile nguo za kubana za ndani za sufu, na makoti ya watu wa kuteleza kwenye theluji, watu wanayapita kwasababu hayana soko. Sufu ndio kila kitu, pamba ikishika jasho inakugandisha, jinzi acha nyumbani. Pata nguo za ndani za sufu pea mbili, sweta moja nene, koti lisilopitisha upepo, soksi nne, buti zenye nafasi ya vidole kucheza, ukichukua zinazobana damu haipiti na miguu inaganda hata ndani ya manyoya. Kwa mikono chukua zile glavu ambazo vidole vinne vinakaa pamoja. Hereni za chuma vua, zinavuta baridi mpaka kwenye nyama ya sikio. Ukipanda pikipiki ya theluji au ile sleji ya mbwa, wenye kampuni wanakupa ovaroli lao kubwa, buti na kofia, imo kwenye bei. Simu weka kifuani ndani ya nguo, mimi yangu ilikuwa na chaji asilimia 60, nimeitoa nipige picha mlango wa mbegu, ikazima mkononi.

Pesa taslimu hata usihangaike, kila kitu kadi, ijulishe benki yako kabla kwamba utatumia kadi Norway.

SWALI: Dada mambo vipi. Nimeona tiktok jamaa anasema Svalbard mtu yeyote duniani anaweza kuhamia bila viza wala kibali. Nina miaka 24, fundi friji, nauza kila kitu niende? – Kijana wa Mbagala

JIBU: Mdogo wangu, usiuze kitu. Aliyosema yana nusu ya ukweli na hiyo nusu ndiyo inayoumiza. Kuna mkataba uliosainiwa Paris tarehe 9 Februari 1920 ulioipa Norway visiwa lakini ukawapa raia wa nchi zilizosaini haki sawa ya kuishi na kufanya kazi, na Norway kwa utaratibu wake haidai kibali cha kuishi kwa mtu wa taifa lolote. Ndio maana mji wenye watu kama 2,500 una mataifa zaidi ya 50, Wathai na Wafilipino ni wengi sana, nimekula wali mzuri kwa mama mmoja wa Kithai nikajiona niko nyumbani.

Sasa nusu nyingine. Utapita Norway bara kwa viza ile ile ya Schengen niliyomweleza Mwalimu, na viza hiyo hupewi kama huonyeshi unarudi kwenu. Ukifika kule hamna msaada wa serikali wa aina yoyote, mkuu wa visiwa, wanamwita Sysselmester, ana uwezo wa kukuondoa ukionekana huwezi kujilisha. Nyumba nyingi ni za waajiri, yaani bila kazi hamna pa kulala na bila pa kulala hamna kazi. Miaka utakayoishi kule haihesabiwi kwenye ukaazi wa Norway bara hata ukikaa ishirini. Na tangu 2022 mgeni hapigi hata kura ya mji kama hajaishi bara miaka mitatu. Ufundi friji ni kazi ya kweli, tuma maombi ukiwa hapo hapo Mbagala, ukipata mkataba wa maandishi wenye nyumba ndani yake niandikie tena nitakusaidia kuusoma mstari kwa mstari. Kabla ya hapo friji zako zisiguse soko.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi mzaliwa wa Unguja naishi Muscat. Mume wangu anataka twende huko kuona jua lisilozama. Sala tutasali vipi, na kama Ramadhani ikitukuta? – Mama wa Muscat

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu. Hili hata sisi wa Tromsø tunaishi nalo kila mwaka. Mimi si mwanachuoni kwahiyo nitakwambia tunavyofanya tu, hukumu yako muulize shehe wako kabla ya kuondoka. Wapo wanaofuata nyakati za Makka, wapo wanaofuata mji wa karibu ambao jua linachomoza na kuzama, unachagua moja unashikamana nayo, usichanganye. Nakushauri uandike nyakati zote kwenye karatasi kabisa, simu za huko programu za sala zinachanganyikiwa, nyingine zinakuonyesha vistari tu badala ya saa. Msikiti sikuuona Longyearbyen, kuna kanisa moja. Kibla ni kusini ukiegemea mashariki kidogo.

Kuhusu Ramadhani, msafiri ana ruhusa yake unaijua. Kitu wengi hawakijui ni kwamba ikiangukia Machi kule jua linachomoza na kuzama kama kawaida, karibu tarehe 20 mchana na usiku vinalingana, shida inabaki kwenye Isha na Alfajiri kwasababu giza halikamiliki. Nyama ya halali usitegemee kuipata. Samaki wapo wazuri. Nyama na maziwa kutoka nje ya Ulaya hairuhusiwi kuingiza Norway, kwahiyo samli ya nyumbani iache, tende beba.

SWALI: Shikamoo. Mwalimu wetu wa jiografia alisema kuna mji ni marufuku kufa. Ni kweli? – Mwanafunzi wa kidato cha pili, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Sheria ya kukataza mtu kufa haipo, ila kuna kitu cha kweli nyuma ya hayo maneno. Ardhi ya Longyearbyen chini imeganda mwaka mzima, mwili hauozi, na udongo wa juu unapoganda na kuyeyuka kila mwaka unasukuma jeneza kwenda juu. Kwahiyo tangu 1950 hivi hawaziki kwa jeneza pale, anayefariki anasafirishwa bara, majivu tu ndiyo yanaweza kuzikwa kwa kibali. Juu ya mji kuna makaburi ya zamani, misalaba myeupe ya mbao, wamo vijana saba waliokuja kuchimba makaa mwaka 1918 wakafa na ile homa kubwa ya mafua iliyozunguka dunia nzima. Mwaka 1998 wanasayansi walikuja kuyachimba wakitafuta kirusi. Nilisimama pale nikasoma miaka ya kuzaliwa, walikuwa wadogo mno.

Na kuzaa pia hawazai pale, mama mjamzito anaondoka kwenda bara wiki kadhaa kabla kwasababu hospitali haina huduma ya uzazi. Mwambie mwalimu wako pia paka ni marufuku, wanalinda ndege, hilo ndilo katazo la kweli.

SWALI: Dada, ni mimi tena. Nimesahau kuuliza: naweza kubeba mbegu chache za miti yetu ya mugumo au mukuyu nikaziache pale mlangoni? – Mwalimu, Nyeri

JIBU: Mwalimu, hii barua ya pili ilifika gazeti likiwa karibu kwenda mtamboni nikaomba wanisubiri.

Mlangoni usiziache, kuingiza mbegu nchi nyingine bila cheti cha afya ya mimea ni kosa na ghala halipokei kutoka kwa mtu binafsi, linapokea kwenye benki za mbegu kwa mkataba, na kila benki inabaki kuwa mwenye mbegu zake, hata wanaolinda hawafungui sanduku. Faida yake ilionekana 2015, watafiti waliokuwa na benki yao Syria walipoipoteza kwa vita wakaomba masanduku yao, yakatolewa, wakapanda upya Lebanon na Morocco, baadaye wakarudisha mbegu mpya.

Lakini Kenya imo mle. Benki ya mbegu ya taifa iko Muguga, Kiambu, na ni miongoni mwa waliopeleka mbegu Svalbard, na kile kituo cha utafiti wa kilimo-misitu cha Nairobi nacho kimepeleka mbegu za miti. Kutoka Nyeri ukitoka alfajiri unafika Muguga asubuhi hiyo hiyo. Waandikie kwanza uombe kutembelea, jitambulishe kama mwalimu, uliza ni mbegu gani za kwetu zilizoko ndani ya ule mlima na uandike majina yao ya Kikuyu kwenye daftari lako. Ukisimama mbele ya ule mlango utakuwa unajua nani yuko ndani. Halafu ndio ukaombe viza, kuingia mara mbili.